Damu safi ya mbwa wa Tibet

Hivi wewe mbwa unaweza kumnunua kwa kiasi gani? Machi 2014 vyombo vya habari vya China viliripoti kwamba tajiri mmoja kule mkoani Zhejiang alitoa yuan milioni 12 kwa mbwa mmoja wa Tibet. Karibu dola milioni 2 hizo! Mbwa mwenyewe ni mkubwa, ana manyoya shingoni kama simba, na wauzaji walikuwa wanamnadi kwa sifa moja kuliko zote: damu safi, haijachanganyika. Mwaka uliofuata soko lile lilishaporomoka, lakini hiyo ni stori nyingine. Ninachotaka kuongelea ni hiyo damu, maana wanasayansi wameichunguza na usafi hawakuukuta.

Uwanda wa juu wa Tibet una wastani wa zaidi ya mita 4,000 kutoka usawa wa bahari. Kama umewahi kupanda Kilimanjaro unajua mambo ya huko: kichwa kinagonga, chakula hakipiti, usingizi wa mang'amung'amu. Kila pumzi inakuingizia oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 40 ukilinganisha na pwani. Mwili wa mgeni unajitetea kwa kutengeneza chembe nyekundu za damu kwa wingi. Kwa muda mfupi inasaidia. Ukikaa miaka, damu inakuwa nzito, moyo unahangaika kuisukuma, kiharusi kinanyemelea na wajawazito wanapata matatizo.

Watibeti wengi wanaishi huko bila damu yao kuwa nzito namna hiyo, na mwaka 2010 ikajulikana ni kwa nini. Watafiti waliwalinganisha Watibeti 50 na Wahan 40 wa Beijing. Kwenye jeni iitwayo EPAS1, badiliko moja lilionekana kwa asilimia 87 upande wa Watibeti na asilimia 9 tu upande wa Wahan. Jeni hii ni mojawapo ya zile zinazouamuru mwili uongeze damu oksijeni ikipungua. Ile ya Watibeti inaamuru kwa sauti ya chini.

Mwaka 2014 watafiti wa mbwa wa Tibet nao wakakuta nini? EPAS1 hiyo hiyo! Mbwa na bwana wake wameokolewa na jeni moja. Sasa mbwa aliipata wapi, wakati yeye alipanda huko akimfuata mtu kutoka nchi za chini?

Jibu lilitoka mwaka 2017: kwa mbwa mwitu. (Nasema mbwa mwitu wa kijivu wa Asia, si hawa wetu wenye mabaka.) Huyo alikuwa mwenyeji wa milima ile tangu zamani. Mbwa wakapandana naye, na vizazi vilivyorithi jeni yake ndivyo vilivyostawi. Kwa hiyo mbwa wa yuan milioni 12 ni chotara, na uchotara ndio unaomfanya apumue. Nawaza jinsi tunavyopenda kuulizana ni kabila gani "halijachanganyika", tena watu wenye digrii zao.

Na mbwa mwitu je? Hapa ndipo paliponifurahisha zaidi. Mwaka 2019 Jay Storz wa Chuo Kikuu cha Nebraska na wenzake walionyesha kwamba hemoglobini ya mbwa mwitu na mbwa wa Tibet inakamata oksijeni kwa nguvu zaidi, na sababu ni mabadiliko mawili yaliyotoka kwenye jeni mfu. Ilikuwa imekaa tu jirani na ile hai, haifanyi kazi yoyote, mpaka kipande chake kikanakiliwa juu ya ile inayofanya kazi. Ni kama fundi anavyochomoa spea kwenye gari bovu lililolala nyuma ya gereji.

Turudi kwa binadamu. Mwaka huo huo wa 2014, Emilia Huerta-Sánchez, Rasmus Nielsen na wenzao walitangaza kwamba EPAS1 ya Watibeti nayo ni ya kuchanganya damu. Ilitoka kwa Wadenisova, binadamu wa aina nyingine waliokwisha kutoweka, ambao dunia iliwajua mwaka 2010 kupitia kipande cha mfupa wa kidole kilichopatikana pangoni Siberia. Tatizo likawa moja: pango lile liko mita 700 tu juu ya usawa wa bahari. Watu wa mita 700 jeni ya milimani ya nini?

Kumbe ushahidi ulikuwa umeshaokotwa zamani. Mwaka 1980 mtawa mmoja wa Kibudha alikuta nusu ya taya kwenye pango la Baishiya, pembezoni mwa uwanda wa Tibet, mita 3,280 juu. Taya likafika Chuo Kikuu cha Lanzhou, na miaka ikapita. DNA haikupatikana ndani yake, ila protini ya jino ilipopimwa ikasema: Mdenisova, wa miaka isiyopungua 160,000. Hayo yalichapishwa mwaka 2019. Wachimbaji wakarudi kwenye pango lile lile, na mwaka 2020 wakatangaza kwamba DNA ya Wadenisova imepatikana kwenye udongo wa sakafuni.