Mario wetu alikuwa na sauti nyingine

Wadau, leo tuache siasa tuongelee gemu. Siyo nani alikuwa mkali wa kufunga mabao, bali muziki uliokuwa ukitoka kwenye TV za chogo wakati tunacheza. Wengi wa rika langu tuliokulia Wazo, Tegeta na Boko, na wenzetu wa kule Temeke, tunaukumbuka vizuri sana. Ila tulichosikia sisi mara nyingi sicho walichosikia vijana wa Japani na Marekani. Masikio yetu hayana kosa. Tofauti ilitoka kwenye mashine, kwenye fomati za muziki na kwenye kopi.

Tuanze na tarehe. Japani walipata Famicom ya Nintendo Julai 1983. Super Mario Bros., yenye muziki wa Koji Kondo, ikatoka 1985. Kwenye kompyuta, kadi ya sauti ya AdLib ilikuja 1987, na Sound Blaster ya kampuni ya Creative ya Singapore ikafuata 1989. Je, sisi? Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na hata masharti yalipolegezwa miaka ya 1980 kompyuta ilibaki kitu cha maofisini. Zanzibar walikuwa na televisheni yao tangu miaka ya 1970, lakini huku Bara hatukuwa na kituo hata kimoja hadi 1994. Sasa gemu ya kuchomeka kwenye TV ungeichezea wapi?

Kwa hiyo zaidi ya miaka kumi ya historia hii ilitupita wengi wetu. Mlango ulipofunguka, vikaja vyote kwa mkupuo: Famicom za kuiga, PlayStation, na kompyuta za mtumba. Mtoto wa Wazo aliweza kucheza gemu ya 1985 asubuhi na ya 1998 jioni, na zote kwake zilikuwa mpya.

Tuchukue Famicom kwanza. Ndani ya ile kaseti ya plastiki hamna rekodi ya muziki hata kidogo. Kuna maelekezo tu: piga noti hii, kwa muda huu, kwa sauti ya namna hii. Chipu ya mashine ndiyo inayopiga, na ina njia tano: mbili za melodi, moja ya besi, moja ya mchakato kama wa ngoma, na moja ya vipande vidogo vya sauti iliyorekodiwa. Ni sawa na kumpa mpiga gitaa karatasi ya noti badala ya kanda. Wimbo utategemea gitaa alilonalo.

Sababu ilikuwa nafasi. Super Mario Bros. nzima, yaani picha, mchezo na muziki, ni kilobaiti 40. Sauti ya CD inakula karibu megabaiti 10 kwa dakika, kwa hiyo kilobaiti 40 hazifikishi hata robo sekunde ya CD. Maelekezo ndiyo yaliyokuwa njia pekee.

Na gitaa letu lilikuwa la kuiga. Baadhi ya chipu za Famicom feki zilipishanisha maumbo mawili ya mawimbi: penye sauti nyembamba ikatoka nene, na penye nene ikatoka nyembamba. Melodi ni ileile, lakini ladha siyo. Kwa hiyo leo ukimsikiliza Mario wa mashine halisi ya Nintendo ukahisi kuna kitu hakijakaa sawa, usijishangae. Kuna uwezekano mkubwa kwamba ulilelewa na Mario mwingine.

Twende kwenye kompyuta. Muziki wa Doom ya 1993, kazi ya Bobby Prince, nao ulihifadhiwa kama maelekezo, katika fomati iliyo ndugu wa MIDI. Wimbo uleule kwenye kadi ya bei rahisi ulilia kama kinanda cha kuchezea watoto. Kwenye Roland SC-55 ulisikika kama bendi imekaa sebuleni. Faili moja, nyimbo mbili.

Halafu mwaka 1996 ikaja Quake, na muziki wa Trent Reznor. Huo haukuwa maelekezo tena. Ulikuwa sauti kamili, imewekwa kwenye CD ya gemu kama nyimbo za albamu. Ungeweza hata kuichomeka kwenye redio ya CD ukasikiliza.

Sasa fikiria gemu zilivyotufikia sisi. Mtu anakopi folda kwenye kompyuta yako, anachukua CD yake, anaondoka. Gemu inawaka, mazimwi yananguruma, bunduki zinalia, lakini muziki hamna, kwa sababu umebaki kwenye CD. Binamu yangu aliimaliza Quake yote akiamini ilitengenezwa hivyo. Ukimya ule ulimtisha kuliko muziki wowote, na hadi leo anaisifia.

PlayStation nayo, iliyotoka Japani Desemba 1994, iliweza kupiga sauti 24 kwa pamoja kutoka kwenye memori yake, na pia kusoma muziki moja kwa moja kutoka kwenye diski wakati unacheza. Hapo ndipo vibanda vyetu vilipopata shida. Diski ni za kuchoma, zina mikwaruzo, lenzi imechoka. Mpira unaendelea kwa sababu mechi ishaingia kwenye memori, ila muziki unakwama. Mwenye kibanda anaigeuza mashine juu chini, lenzi inakaa vizuri kidogo, wimbo unarudi. Ujanja huo haukuwa wa Dar peke yake, mashine za toleo la kwanza ziligeuzwa hivyo dunia nzima.

Kwa nini nayasema haya leo? Kwa sababu programu za kuigiza mashine za zamani zinarudisha sauti "sahihi", ya kiwandani. Sauti yetu, ya chipu feki na spika iliyopasuka, haimo humo. Na mashine zenyewe zinauzwa kwa kilo kama vyuma chakavu.

Haya tumeyaona pia kwenye muziki wetu wenyewe. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi zetu kwa miaka mingi kwenye mikanda mikubwa ya sumaku. Mkanda unachakaa, na mashine ya kuupigia imekuwa adimu. Wimbo unaweza kuwepo kabatini na bado usisikike.

Basi, kama nyumbani kwenu stoo kuna Famicom ya kuiga iliyofungwa kwenye mfuko wa rambo, usiitupe. Chomeka waya wake wa sauti kwenye kompyuta, iache icheze wimbo mzima, rekodi. Hifadhi kwa WAV au FLAC. MP3 inatupa sehemu ya sauti ili faili liwe dogo, na sehemu hiyo hairudi. Andika pembeni mashine ilinunuliwa wapi na mwaka gani. Kazi yote haizidi jioni moja, ilimradi umeme usikatike.