Ua wa Isale na Hati ya Karatasi

Historia ya ardhi tumezoea kuisaka katika majalada ya wizara. Leo nawaomba tuisome katika nyua za miti zinazotenganisha shamba na shamba.

Kilimanjaro, mpaka wa kihamba huoteshwa isale. Ni mmea huo huo ambao Mchaga humpelekea aliyemkosea ili kuomba radhi. Tafakari uzito wake: anayeng'oa isale usiku ili ajiongezee migomba miwili anaharibu kitu kile kile atakachokihitaji siku atakapotaka kusamehewa. Mpaka ulilindwa na haya kabla ya kulindwa na mahakama.

Usukumani kazi hiyo hufanywa na minyaa. Huoteshwa kwa kuchomeka tawi ardhini, huvumilia ukame, na utomvu wake hudhuru macho, hivyo mifugo huuepuka. Kaya zilipohamishiwa vijiji vya ujamaa katika miaka ya 1970, nyumba za udongo zilibomoka. Minyaa haikuhama.

Nisiupambe ua kupita kiasi. Nchini Uingereza, nyua nyingi zinazosifiwa leo kwa ndege na maua zilipandwa kati ya 1750 na 1850, Bunge lilipohalalisha ugawaji wa malisho ya pamoja na wanyonge wakakosa pa kuchungia. Nchini Kenya, Mpango wa Swynnerton wa 1954 uliharakisha kuunganishwa kwa vipande vya mashamba ya Wakikuyu huku maelfu ya wanaume wao wakiwa kizuizini, na mipaka mipya ikaoteshwa nyua. Ua hutunza kumbukumbu ya dhuluma kwa uaminifu ule ule unaotunza kumbukumbu ya haki. Kwa sababu hiyo naona using'olewe kabla haujasomwa.

Waingereza, baada ya kung'oa nyua nyingi ili kuyapisha matrekta, walitunga kanuni mwaka 1997. Ua wa mashambani wenye urefu wa mita 20 au zaidi hauondolewi kabla ya kuiarifu halmashauri, nayo yaweza kukataza iwapo una miaka 30 na zaidi na unatimiza vigezo maalumu. Kimojawapo ni kuwa mpaka wa parokia ya kabla ya 1850. Yaani historia peke yake yatosha kuuokoa.

Kwetu, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inatambua hakimiliki ya kimila, nalo ni jambo jema. Lakini mpimaji huja na kifaa cha setilaiti, huchukua nukta za pembe, huondoka. Mume akifariki na hati ikafungiwa kabatini kwa shemeji, mjane hubakiwa na shahidi mmoja: mstari wa isale aliouotesha na marehemu.

Maafisa ardhi mnaosoma hapa, ongezeni mstari mmoja katika daftari la uwandani: mpaka huu umeoteshwa mti gani, nani aliuotesha, na ni wazee gani wanaokumbuka.