Foto za Nzururu: Ruwenzori mu Mwaka wa 1906

Wazee wetu Wanande, pamoja na ndugu zetu Wakonzo wa upande wa Uganda, waliita theluji ya mulima kwa jina moja: nzururu. Mulima ule waliujua kwa macho na kwa heshima. Lakini foto zake za zamani zenye kusifiwa zaidi zilipigwa na mugeni. Inafaa tujue namna gani.

Mu mwaka wa 1906, Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi, mutu wa ukoo wa kifalme wa Italia, alipanda Ruwenzori kupitia bonde la Mobuku, upande wa Uganda. Tarehe 18 Juni alifika ku kilele cha juu kupita vyote, chenye metre 5.109, akakiita Margherita, jina la malkia wa kwao. Kilele kile kiko ku mupaka wetu na Uganda. Mu kundi lake alikuwamo Vittorio Sella wa Biella, fundi wa foto za milima.

Kazi yake haikuwa ya mbio. Ruwenzori inavaa mawingu karibu siku zote. Mutu wa Mutwanga anajua: asubuhi mapema mulima unaonekana, kisha kidogo umekwisha kujificha. Sella alingojea mawingu yafunguke, akapiga foto zenye kufuatana, ili zikiunganishwa zionyeshe vilele vyote kwa mara moja. Hii njo tofauti ya sanaa na kubonyeza aparei tu: kuchagua fasi, kuchagua saa, kuvumilia baridi. Hata Ansel Adams, mupiga foto mukubwa wa Marekani, alimusifu sana.

Lakini nani alibeba mizigo? Ni Wakonzo. Leo milima mikubwa ya Ruwenzori inaitwa Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Haiko hata moja yenye jina la mubeba mizigo. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Foto zile zimepata kazi ingine sasa. Mu 1906 barafu ya Ruwenzori ilifunika karibu kilometre za mraba 6,5. Mu 2003 ilibaki chini ya 1. Mu 2012 wapiga foto wengine walirudi ku fasi alizosimama Sella, wakalinganisha: fasi ya barafu, sasa ni mawe. Foto iliyopigwa juu ya uzuri imekuwa shahidi.

Na sisi, je? Tuko na foto za harusi, za barabara na soko za Butembo na Beni, nyingi bila jina wala tarehe. Tangu 2014 mauaji ya eneo la Beni yamekimbiza familia mingi. Mwenye kukimbia anabeba mutoto na godoro. Albumu inabaki mu nyumba.

Basi tuandike nyuma ya kila foto: nani, wapi, mwaka gani. Na vijana wenye telefone wapige foto ya mulima, ya muto, ya barabara yao, kutoka fasi ileile, mwaka kwa mwaka. Nzururu inaweza kuisha mbele ya macho yetu. Wajukuu watatuuliza ilikuwa namna gani, na haifai waende kutafuta jibu paka Italia.