Alama Mbili za Patasi

Gari la marehemu babu, Peugeot 404, lilikaa wiki tatu juu ya magogo uani kwetu Morogoro, magurudumu ya mbele yamefunguliwa. Mama alikuwa ameshapata mnunuzi wa vyuma chakavu. Nilimwomba likizo moja tu ya chuo. "Likizo ikiisha halitembei, linaondoka," akasema.

Ninasomea shahada ya uzamili ya historia, na sura moja ya tasnifu yangu inahusu mbio za magari za Safari. Zilianza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Peugeot 404, iliyozinduliwa Ufaransa mwaka 1960, ilishinda mara nne. Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda mwaka 1963 na 1968, na kila mara magari saba tu yalifika mwisho. Bert Shankland na Chris Rothwell wa Tanzania walishinda mwaka 1966 na 1967. Majina hayo nimeyakuta katika kila orodha.

Hata kile nilichokuwa nimekipakata uani kina jina la mtu. Earle S. MacPherson, mhandisi Mmarekani, alibuni mguu huu miaka ya 1940: springi inaizunguka shokapu, juu imefungwa kwenye bodi, chini imeshikwa na mkono wa chuma. Mguu huohuo hubeba uzito, humeza mashimo na hugeuka pamoja na usukani.

Aliyenisaidia kuurudisha ni mzee mmoja aliyejifunza ufundi kwa babu miaka ya sabini. Alinifundisha kuikandamiza springi kwa vibanio viwili, nikikaza kidogo huku, kidogo kule, uso nikiuweka pembeni. "Ikichomoka hiyo, mjukuu wangu, hutaandika tena."

Siku ya pili nilikuwa nasafisha mguu wa kushoto kwa mafuta ya taa na brashi ya waya. Chini ya grisi iliyoganda niliona mikwaruzo miwili mifupi. Nikadhani ni kasoro, nikachukua tupa. Mmoja ulikuwa umekaribia kufutika mzee aliponishika mkono.

"Hiyo ni patasi ya babu yako. Mbili kushoto, moja kulia. Ukifungua usiku, umeme umekatika, hukosei."

Niliufuta mguu wa kulia kwa kitambaa. Alama moja.

Babu hakuwahi kugusa gari la mbio. Alitengeneza teksi na magari ya wafanyabiashara yaliyopita barabara zilezile za makorongo, mwaka mzima, bila saa ya kupimwa wala kombe. Katika sura yangu nilikuwa nimeandika kwamba ushindi ndio uliolipa gari hili sifa ya ugumu. Lakini kombe la mwaka 1968 halikubadilisha bushi ya mtu yeyote. Sifa ile ilidumu kwa sababu gari lilipoharibika palikuwa na mtu wa kulifungua na kulifunga tena, na mtu huyo hayumo katika orodha zangu. Ushahidi pekee wa mkono wake nilioupata, nusu yake nilikuwa nimeula kwa tupa.

Mzee alinipa patasi. "Irudishie." Nilisita. Nyaraka za kale hatuzichongi upya. Yeye akanitazama kama mtu anayesubiri spana. Nikapiga nyundo mara moja.

Bushi za mikono ya chini hatukuzikaza mpaka gari lilipowekwa chini kwa magurudumu yake. Zikikazwa gari likiwa juu, mpira hujinyonga uzito unaposhuka, na huchanika mapema. Nililala chini ya gari, mchanga mgongoni, nikakaza nati za mwisho.

Jioni Mama alikaa kiti cha mbele, tukaenda hadi Msamvu na kurudi.

"Linavuta kushoto," akasema.

Mnunuzi hakumtaja tena.