Edwin Mtei na Thamani ya Shilingi

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 haikuwa na fedha yake yenyewe. Shilingi iliyotumika katika soko la Kariakoo, iliyolipwa kwa wakulima na vyama vya ushirika vya kahawa vya Kilimanjaro na kwa manamba wa mashamba ya mkonge ya Tanga, ilikuwa shilingi ya Afrika Mashariki, iliyotolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, chombo kilichoundwa London mwaka 1919 na kuhamishiwa Nairobi mwaka 1960 pekee. Bodi ya sarafu si benki kuu. Kazi yake ilikuwa kutoa shilingi pale ilipopokea pauni za Uingereza na kurudisha pauni pale ilipoletewa shilingi, kwa kiwango kisichobadilika cha shilingi 20 kwa pauni moja, na ingawa tangu mwaka 1955 iliruhusiwa kushika pia kiasi cha hati za dhamana za serikali za Afrika Mashariki, haikuwa na mamlaka ya kuamua bei ya fedha iliyoitoa. Hivyo mwezi Septemba 1949, serikali ya London iliposhusha thamani ya pauni kutoka dola 4.03 hadi dola 2.80 za Marekani, shilingi ilishuka nayo siku ile ile, na hakuna mkulima, mfanyabiashara wala kiongozi wa Tanganyika aliyeulizwa neno.

Mfumo wa namna hiyo haukuhitaji mchumi mwenyeji. Ulihitaji karani wa kuhesabu. Ni uhuru uliozua haja ya kuwa na watu wa Hazina wanaoweza kupima akiba ya fedha za kigeni, kukadiria mapato ya mazao na kumwambia waziri kwamba jambo fulani linawezekana na jingine haliwezekani, na watu hao walikuwa wachache mno. Edwin Isaac Mbiliewi Mtei, aliyezaliwa Marangu mwaka 1932, akachunga mbuzi utotoni kabla ya kufika chuo cha Makerere, Uganda, mwaka 1953, alikuwa mmoja wa kizazi kilichomaliza chuo muda mfupi kabla ya bendera kubadilishwa, na kwa hiyo kilipanda ngazi kwa kasi ambayo katika nchi iliyotulia ingeonekana ya ajabu. Alianza katika kampuni ya tumbaku, akaingia katika utumishi wa serikali kabla ya uhuru, na alipoitwa kuongoza Benki Kuu alikuwa tayari Katibu Mkuu wa Hazina, yaani mtendaji wa juu kabisa wa wizara ya fedha, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitatu hivi.

Benki hiyo haikuzaliwa kwa shauku ya kujitenga na majirani. Mwaka 1963 Erwin Blumenthal, mtaalamu kutoka benki kuu ya Ujerumani Magharibi, aliwasilisha ripoti kuhusu mfumo wa fedha wa Tanganyika, naye alipendekeza muundo wa ngazi mbili, ambamo kila nchi ingekuwa na benki yake ya serikali chini ya benki kuu moja ya Afrika Mashariki nzima. Pendekezo hilo lilifaa shirikisho la kisiasa, na shirikisho lilikuwa likizungumzwa kwa matumaini makubwa mwaka huo. Lakini matumaini yalipofifia, ikawa vigumu kwa serikali tatu zenye mipango mitatu ya maendeleo kukubaliana nani akopeshwe na benki ya pamoja, kiasi gani, na kwa idhini ya nani. Tarehe 10 Juni 1965 mawaziri wa fedha wa Kenya, Uganda na Tanzania, yaani Tanganyika iliyokwisha kuungana na Zanzibar, walitangaza kwamba kila nchi ingeanzisha benki kuu na sarafu yake. Sheria ya Benki Kuu ya Tanzania ilipitishwa na Bunge mwezi Desemba 1965, mwezi ule ule ambao Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, koloni la Uingereza ambalo walowezi wake weupe walikuwa wamejitangazia uhuru, na mkopo wa Uingereza wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Sadfa hiyo ina uzito wake, kwa kuwa Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano, ulioanza mwaka 1964, ulikuwa umetegemea fedha za nje kwa sehemu kubwa ya matumizi ya maendeleo ya serikali kuu, na watu wa Hazina walilazimika kujifunza kupanga kwa fedha ambazo msimamo wa nchi ungeweza kuzifunga wakati wowote.

Rais Julius Nyerere aliifungua Benki tarehe 14 Juni 1966, na shilingi ya Tanzania ikaanza kutumika kwa thamani ile ile ya shilingi iliyotangulia. Noti zilikuwa za shilingi 5, 10, 20 na 100, zikiwa na saini ya Waziri wa Fedha, Amir Jamal, na ya Gavana Mtei. Sarafu ya senti 5 ilichorwa samaki, ya senti 20 mbuni, ya senti 50 sungura, na ya shilingi moja mkono ulioshika mwenge. Kazi kubwa zaidi haikuonekana machoni pa watu: kugawana mali za Bodi ya zamani na Kenya na Uganda, kuanzisha daftari za akiba ya nchi, na kufundisha watumishi kazi ambayo hakuna aliyewahi kuifanya katika ardhi ya Tanzania. Benki kuu ni benki ya serikali na benki ya mabenki mengine. Ndiyo inayotunza fedha za kigeni za taifa, na ndiyo mkopeshaji wa mwisho, yaani ile inayoendewa na benki ya biashara iliyopungukiwa inapokosa pengine pa kukimbilia. Yote hayo yalijengwa kwa msaada wa wataalamu wa nje, ila uamuzi ulibaki kwa gavana na serikali yake.

Muda wa kuyazoea mambo haukupatikana. Azimio la Arusha, tamko la siasa ya ujamaa na kujitegemea, lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, na siku iliyofuata mabenki ya biashara yalitaifishwa, kisha yakaunganishwa kuwa Benki ya Taifa ya Biashara chini ya Amon Nsekela. Vyombo vya kawaida vya benki kuu, kama vile kupandisha na kushusha riba ili mabenki yanayoshindana yapunguze au yaongeze mikopo, vilikosa maana kubwa katika nchi yenye benki moja kubwa ya biashara iliyo mali ya umma. Badala yake, tangu mwaka 1971, kila mwaka ulitengenezewa mpango wa fedha na mikopo, ulioonyesha mashirika ya umma, ukulima na serikali yenyewe vingepata kiasi gani, na fedha za kigeni nazo zikagawanywa kwa mpango na kwa vibali. Mtei hakuwa mtu wa mrengo wa kijamaa kwa moyo, na maisha yake ya baadaye yalithibitisha hivyo; hata hivyo ni yeye na wenzake waliohakikisha kwamba mishahara ililipwa, hundi zilipita na mazao yalinunuliwa katika miezi ambayo mabenki ya kigeni yalikuwa yamewaondoa wataalamu wake na mazungumzo ya fidia hayajafika popote. Huu ni utumishi unaostahili heshima zaidi ya ule wa kutekeleza jambo ambalo mtekelezaji analiamini tayari.

Mwezi Novemba 1967 Benki ilikutana na jaribio lililoonyesha wazi kwa nini iliundwa. Uingereza ilishusha tena thamani ya pauni, safari hii kutoka dola 2.80 hadi dola 2.40, lakini Tanzania, pamoja na Kenya na Uganda, haikuifuata: pauni iliyokuwa shilingi 20 ikawa shilingi 17 na senti 14, na shilingi ikabaki pale pale mbele ya dola. Uamuzi huo ulikuwa na gharama, kwani pauni zilizowekwa kama akiba zilipungua thamani na mauzo ya kwenda Uingereza yaliingiza shilingi chache zaidi. Pamoja na hayo, tofauti kati ya 1949 na 1967 ndiyo kipimo cha wazi zaidi cha kile ambacho uhuru uliongeza katika mambo ya fedha. Bei ya shilingi sasa iliamuliwa Dar es Salaam.

Mwaka 1974 Charles Nyirabu alishika nafasi ya gavana, na Mtei akahamia Arusha kuwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Alifika wakati jengo limekwisha kupata nyufa. Baraza la juu la marais watatu halikuwa limekutana tangu Idi Amin aipindue serikali ya Uganda mwezi Januari 1971, kwa sababu Nyerere alikataa kuketi naye, na mashirika ya reli, bandari, posta na ndege yalizidi kucheleweshewa fedha na nchi wanachama. Katibu mkuu wa jumuiya ambayo marais wake hawakutani anaweza kuandika ripoti na kubembeleza mawaziri, basi. Shirika la ndege la pamoja lilianguka mwanzoni mwa 1977, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya mwezi Februari, na mwaka huo huo Mtei akateuliwa kuwa Waziri wa Fedha.

Alipoingia wizarani, hali ilionekana nzuri. Baridi kali iliyounguza mibuni ya Brazil mwezi Julai 1975 ilikuwa imepandisha bei ya kahawa duniani, na akiba ya fedha za kigeni ilijaa kiasi kwamba udhibiti wa bidhaa kutoka nje ulilegezwa. Ulegezaji huo, bei ya kahawa iliposhuka, uliimaliza akiba haraka. Ndipo, mwishoni mwa 1978, majeshi ya Amin yakaivamia Kagera. Vita vilivyofuata, vilivyoangusha Kampala tarehe 11 Aprili 1979, viligharimu kiasi ambacho makadirio yanayotajwa mara nyingi hukiweka kwenye dola milioni 500, na kabla deni lake halijahesabiwa vizuri bei ya mafuta ikapanda kwa mara ya pili katika muongo huo. Chini ya mishtuko hiyo palikuwa na tatizo la zamani zaidi. Mkonge, uliozidi tani 200,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1960, ulikuwa umepungua chini ya nusu. Korosho, zilizofika tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74, ziliporomoka baada ya wakulima kuhamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao. Na bei ya shilingi kwa dola, iliyobaki kama 8 na senti kadhaa, ilimfanya anayeuza nje apokee shilingi chache wakati gharama zake zinaongezeka.

Kwa waziri aliyekuwa gavana miaka minane, hesabu hizo zilielekeza upande mmoja. Alifanya mazungumzo na Shirika la Fedha la Kimataifa, chombo kinachozikopesha nchi zenye upungufu katika urari wa malipo, yaani tofauti kati ya fedha za kigeni zinazoingia na zinazotoka, na alikuwa tayari kukubali masharti yake, likiwemo la kushusha thamani ya shilingi. Nyerere alikataa. Sababu zake hazikuwa za mtu asiyejua hesabu: dawa, mafuta na vipuri vingepanda bei mara moja, ilhali kahawa haiongezeki kwa amri, kwa kuwa mbuni uliopandwa leo huchukua miaka kadhaa kuzaa, na zaidi ya hayo, Shirika lilitaka kuwa na sauti katika matumizi ya serikali kwa shule na hospitali. Mtei alijiuzulu mwishoni mwa 1979, Amir Jamal akarudishwa wizarani, na tarehe 1 Januari 1980 Rais aliwaeleza mabalozi hasira yake hadharani, akihoji ni lini Shirika hilo lilijigeuza wizara ya fedha ya mataifa yote.

Mara nyingi mgogoro huu husimuliwa kama pambano la mchumi na mwanasiasa, au la soko na ujamaa, na simulizi hiyo haitoshi. Swali la Nyerere la 1980 lilikuwa lile lile lililoizaa Benki ya 1966: nani apange thamani ya shilingi? Mtei, aliyekuwa ameitumia miaka yake bora kuhakikisha jibu linabaki Dar es Salaam, alikuwa amegundua upande wa pili wa mamlaka hayo, kwamba nchi inayojipangia bei ya fedha yake inawajibika pia kuibadilisha pale mazao na akiba vinapokataa kuibeba, na kwamba ikichelewa, wengine wataibadilisha kwa masharti makali zaidi. Katika hesabu alikuwa sahihi. Alichokifanya baada ya kushindwa hoja kinastahili kukumbukwa zaidi ya hesabu hizo, kwa maana katika serikali ya chama kimoja, ambamo waziri alitarajiwa kubeba uamuzi wa wote hata asioukubali na kuhamishwa wizara kukawa jambo la kawaida, kuondoka kwa sababu ya sera kulikuwa jambo la nadra sana.

Miaka iliyofuata iliyarudisha mambo yale yale mezani. Makubaliano na Shirika la Fedha ya mwaka 1980 yalivunjika upesi, mpango wa kujinusuru wa 1981 haukufikia malengo, na mwezi Juni 1984 serikali ya Nyerere yenyewe ilishusha thamani ya shilingi kwa zaidi ya robo. Makubaliano makubwa yalikuja mwaka 1986 chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, na mwishoni mwa mwaka huo dola moja ilinunuliwa kwa zaidi ya shilingi 50. Katika nusu ya kwanza ya muongo huo Mtei alikuwa Washington, katika bodi ya wakurugenzi ya Shirika lile lile, akiziwakilisha nchi za Afrika, kisha akarejea kwenye kilimo cha kahawa mkoani Arusha. Mwaka 1992, vyama vingi viliporuhusiwa, aliongoza kuanzishwa kwa chama cha upinzani cha CHADEMA, akawa mwenyekiti wake wa kwanza hadi 1998, na aliyempokea, Bob Makani, alikuwa amewahi kuwa naibu gavana wa Benki Kuu. Sheria ya fedha za kigeni ya mwaka huo huo wa 1992 iliruhusu maduka binafsi ya kubadilisha fedha, na bei ya shilingi, iliyotoka London hadi Dar es Salaam mwaka 1966, ikaanza kuandikwa upya kila asubuhi kwenye mbao za maduka hayo.