Kabla Ukate Kiuno Ohangla Ikishika, Jua Nyonga Yako Inafanya Kazi Aje

Ohangla ikishika pale Kondele, kila msee anasema anakata kiuno. Kiuno kinapewa sifa zote, lakini kazi kubwa inafanywa na nyonga. Na kama wewe ni mtu wa Kisumu, Homa Bay ama Siaya, kuna sababu noma ya kuijua.

Bakuli la mifupa

Weka mikono kiunoni kama mathako akikungoja mlangoni usiku wa manane. Huo mfupa umeshika ni ukingo wa juu wa fupanyonga. Limekaa kama bakuli, na ndani limebeba kibofu, sehemu ya utumbo na, kwa madem, mfuko wa uzazi. La dem huwa pana kuliko la boy. Kila upande ulianza ukiwa mifupa mitatu, ikaungana pole pole ukiwa tineja.

Mpira ndani ya kikombe

Kila upande wa bakuli kuna kikombe. Mfupa wa paja, ule mrefu kuliko yote mwilini, umeishia juu na kichwa cha duara kama mpira. Huo mpira unakaa ndani ya kikombe, umefunikwa na gegedu laini. Ndio unakuwezesha kupiga teke, kupanda nduthi na kushuka chini na beat.

Noma iko wapi?

Mpira huo unategemea mishipa midogo sana ya damu. Ikiziba, mfupa unakufa pole pole na mpira unabonyea. Ajali mbaya ya nduthi inaweza kuleta hiyo shida. Lakini huku ziwani kuna sababu nyingine kubwa: sikoseli. Seli nyekundu zinajikunja kama mundu na kukwama kwa mishipa midogo, na kichwa cha paja kinanyimwa damu mtu akiwa bado mdogo.

Mbona sisi? Mwaka wa 1949 mtafiti Anthony Allison alipima damu za Wakenya, akapata jini ya sikoseli imejaa Pwani na karibu na Ziwa Victoria, lakini ni adimu kule milimani. Mwaka wa 1954 akaeleza sababu: ukiwa na jini moja, unakingwa na malaria kali. Shida inakuja mtoto akirithi mbili, moja kwa kila mzazi.

Dalili za kuchunga

Maumivu ya nyonga mara nyingi huja kwa kinena, na saa zingine yanasikika kwa goti. Unaanza kuchechemea, hata kuvaa soksi inakuwa kazi. Wengine watasema ni uvivu, wengine watasema ni chira. Usikubali kumeza dawa za maumivu tu kila wiki. Eksirei ya mapema inaweza kutoka safi; MRI huona zaidi. Ikishikwa mapema, magongo na mazoezi ya viungo husaidia. Ukichelewa sana, unaweza kuhitaji kuwekewa nyonga bandia.

Kama una sikoseli na nyonga inauma, anzia kliniki iliyo karibu, uulize kama utatumwa hosi kubwa kama Jaramogi, ile sote tunaita Russia.

Na kama wewe na mtu wako mnapanga mtoto, pimeni damu nyote wawili. Mkiwa na jini hiyo wote, kila mimba ina nafasi moja kwa nne ya mtoto kuwa na sikoseli. Hiyo ni stori ya kupiga mapema, sio labour ward.