Ndege ya mtumba: kutoka Aeroflot mpaka kwetu

Nilikuwa safarini kikazi, na safari yenyewe ndiyo iliyonipa mada ya leo.

Tulipanda kindege cha pangaboi mbili, viti 19, mabawa yamepita juu ya madirisha. Karibu na mlango kulikuwa na maandishi ya Kirusi. Nikamuuliza mzee niliyekaa naye yanasemaje. Akacheka: "Labda yanasema usipande, mwanangu." Tulitua salama, nikaanza kuchimba.

Ile ilikuwa Let 410, kazi ya kiwanda cha Kunovice, katika iliyokuwa Czechoslovakia. Iliruka kwa mara ya kwanza Aprili 16, 1969. Zimetengenezwa zaidi ya 1,100, na nyingi sana zilikwenda kwa mteja mmoja: Aeroflot ya Umoja wa Kisovieti. Warusi walitaka ndege ya kupaa na kutua kwenye viwanja vifupi vya udongo na barafu, ndipo ikaja aina ya UVP. Udongo wa Siberia na udongo wa Kongo, kumbe kwa matairi ni ule ule!

Mwaka 1991 Umoja wa Kisovieti ukavunjika. Aeroflot nayo ikamegeka vipande vingi, ruzuku ikakatika, ndege zikabaki zimeegeshwa. Hapo ndipo soko la mtumba lilipofunguka. Let 410 zikaanza kuonekana Kongo, Sudan, Kenya, hadi Amerika ya Kusini. (Wale waliomtazama Nicolas Cage akiuza silaha kwenye sinema ya mwaka 2005 wanakijua kipindi hicho, ingawa si kila mnunuzi alikuwa muuza bunduki. Wengi walibeba samaki, dawa na abiria kama mimi.)

Sasa tuulizane: ukinunua ndege ya mtumba unanunua nini hasa? Kwenye gari unatazama mwaka na kilomita. Kwenye ndege unanunua saa. Bodi ina ukomo wa saa za kuruka na idadi ya kutua. Kila injini ina saa zake tangu ilipofunguliwa na kufanyiwa ukarabati mkubwa, na pangaboi vile vile. Injini ikikaribia ukomo, gharama ya kuikarabati inaweza kukaribia bei ya ndege kuukuu nzima. Na saa hizo huzioni kwa macho, zimo kwenye vitabu vya kumbukumbu. Vitabu vikipotea, injini inayonguruma vizuri kabisa inageuka chuma chakavu.

Ndiyo maana zile bei za miaka ya 1990 hazikuwa bahati. Muuzaji aliyepunguza sana, mara nyingi alikuwa akiuza ndege iliyobakiza saa chache, huku ofisi zilizotunza na kugonga mihuri vitabu hivyo zimebaki katika nchi nyingine. Mnunuzi mwaminifu alirudi kwa watengenezaji akalipa. Asiye mwaminifu alisajili ndege yake katika nchi isiyouliza maswali. Machi 2006 Umoja wa Ulaya ulipotoa orodha yake ya kwanza ya mashirika yaliyopigwa marufuku, mengi yalikuwa na usajili wa Kongo, Guinea ya Ikweta, Liberia na Sierra Leone.

Tusiionee ndege yenyewe, ni imara na kiwanda kimeendelea kuunda mpya. Lakini Septemba 9, 2018 moja iliyotoka Juba ilianguka ziwani Yirol, Sudan Kusini. Watu wasiopungua 19 walikufa. Waliopanda asubuhi ile hawakuwa na namna ya kuomba kitabu cha injini pamoja na tiketi.

Mimi nilijaribu. Siku ya kurudi nilimfuata rubani pale chini ya bawa: "Shikamoo kapteni. Samahani, injini hizi zina saa ngapi?"

Akatazama mkononi. "Saa nne kasorobo. Panda, tunachelewa."

Nikapanda.